Mende Kwenye Jiko la Pamoja: Acha Kupuliza, Tega Chambo

Kila muhula wenzetu wanahamia fleti mpya hapa Marekani, na wiki haiishi wanaulizana kwa aibu: "Hivi na kwenu wapo?" Wapo! Wale wadogo wa kahawia wenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa ni mende wa Kijerumani. Wanapita kwenye matundu ya mabomba kutoka fleti moja hadi nyingine, kwa hiyo si lazima wewe ndiye mchafu.

Wengi tunakimbilia kopo la kufukiza chumba kizima. Mwaka 2019 watafiti wa North Carolina State University walichapisha matokeo ya kuyajaribu makopo hayo kwenye nyumba za watu: mende hawakupungua, sumu ikabaki sakafuni na kwenye kaunta. Mende anaishi ndani ya ufa, na moshi haufiki huko vya kutosha.

Chambo kinamfanya aifuate sumu mwenyewe. Asidi ya boriki inaua polepole. Hahisi ubaya mapema, basi anaendelea kula mpaka dozi inatosha. Ukiizidisha atakikataa, kwa hiyo usiongeze "ili iwe kali".

Changanya kijiko kidogo 1 cha asidi ya boriki, vijiko 5 vya unga wa ngano, vijiko 2 vya siagi ya karanga, kitunguu kidogo kilichosagwa, na maji kidogo. Finyanga vidonge vya ukubwa wa punje ya mbaazi.

Mbona sukari haimo? Mwaka 1993 iliripotiwa kwamba baadhi ya mende hawa wanakataa glukosi, na mwaka 2013 ikaelezwa kwamba wanaionja kama kitu kichungu. Vizazi vilivyopenda chambo kitamu vilikufa, wabishi wakazaa. Ndiyo maana tunategemea mafuta na kitunguu.

Weka vidonge kwenye vifuniko vya chupa nyuma ya jiko, chini ya sinki na karibu na mota ya friji. Usipulize dawa hapo, watakikimbia chambo. Osha vyombo usiku, kausha sinki. Mwenye njaa ndiye anayekula. Vikikauka, badilisha. Kifuko kimoja kina mayai 30 hadi 40 na chambo hakiyafikii, basi endelea miezi miwili hata ukiona kimya.

Jamani, hii ni sumu. Kwa mtoto anayetambaa, kidonge hiki kinafanana na chakula. Nyumba yenye watoto au paka, nunua chambo kilichofungiwa ndani ya kiboksi. Usichanganyie kwenye sufuria ya kupikia, na mabaki yaandike "SUMU". Mtu akimeza, piga 1-800-222-1222, saa 24, bure.

Mwisho, mwandikie mwenye nyumba, na uwashawishi majirani watege pamoja nawe. Ukitega peke yako, wa jirani watahamia kwako. Kila la heri na mitihani!