Alama za Mwilini Zisihukumiwe kwa Macho

Katika mji wa Busia, unaogawanywa na mpaka wa Kenya na Uganda, na huko Tororo pia, mvua zinyeshapo wananchi huchuma uyoga uotao kwenye vichuguu. Hicho ni kitoweo cha jadi kijulikanacho vyema. Lakini uko uyoga mwingine, mgeni, ambao kila askari wa mpakani hana budi kuufahamu.

Uyoga huo ni shiitake. Asili yake ni Asia ya Mashariki, na siku hizi huuzwa hata katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki. Mwaka 1977, daktari Nakamura wa Japani alieleza kwamba baadhi ya watu walioula walitokwa na vipele vyenye kuwasha, vilivyojipanga kwa mistari mirefu mgongoni, kifuani na mikononi, mithili ya alama za viboko. Kinachodhaniwa kuleta madhara hayo ni lentinani, kiini kilichomo katika uyoga huo ambacho huvunjwa na moto mkali. Kwa hiyo wengi wa wanaodhurika ni waliokula uyoga mbichi au usioiva sawasawa. Kwa kawaida vipele hutokea baada ya siku moja hadi tatu, haviambukizi, na hutoweka baada ya wiki chache.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili kwa walinzi wa sheria. Mtu asiyeguswa na yeyote aweza kudhaniwa amechapwa, na askari asiye na hatia akashukiwa. Walakini uyoga usifanywe kamwe kisingizio cha kuficha kipigo. Uganda ilipitisha sheria ya kuzuia mateso mwaka 2012, na Kenya mwaka 2017.

Pigo la fimbo mara nyingi huacha mistari miwili sambamba ambamo damu imevilia chini ya ngozi, na maumivu yake huanza papo hapo. Alama za uyoga ni vipele vidogo vidogo, tena huchelewa. Hata hivyo, kuamua si kazi ya askari. Wajibu wake ni kuuliza mtu alikula nini na lini, kuandika majibu, na kumpeleka kwa daktari bila kukawia.

Nao wapishi wa kambini wakumbuke: shiitake uive kabisa kabla ya kupakuliwa.