Furaha ya Siku ya Hamsini

Kila sifa njema ni ya Allah, Mwenye kuondoa dhiki baada ya waja kukata tamaa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika nyumba zetu za pwani, mgonjwa akitoka hospitali salama, au baharia akirudi baada ya kukatiwa tamaa, wapo wanaoificha furaha yao kwa kuchelea kijicho, hata jirani aliyekesha akiwaombea hajui kuwa dua imejibiwa. Na wapo wanaokopa, pengine wakaweka rehani dhahabu ya mama, ili karamu ya shukrani isemwe mtaa mzima. Wote hawa tunawaona, na wote tungependa wasikilize kisa cha Kaab bin Malik (r.a.).

Ilikuwa mwaka wa 9 Hijria, wakati wa safari ya Tabuk. Joto lilikuwa kali, na matunda ya Madina yameiva. Kaab alikuwa na afya, mali na vipando viwili, na kila siku akijiambia atajitayarisha kesho. Jeshi likaondoka, naye akabaki. Mtume (s.a.w.) aliporejea, watu wapatao 80 walimjia na nyudhuru zao; akawakubalia dhahiri yao, na siri zao akamwachia Allah. Kaab, aliyekuwa mshairi na hodari wa maneno, angeweza kutunga udhuru mzuri kuliko wao wote. Akasema kweli, kwamba hakuwa na udhuru. Hilal bin Umayya na Murara bin Rabi walisema kama yeye, na ikaamriwa watatu hao wasisemezwe.

Sisi wa mitaa ambayo salamu ndiyo ufunguo wa kila mlango tunafahamu uzito wa adhabu ile. Kaab alizunguka sokoni, asipate wa kumsemesha. Aliparamia ukuta wa shamba la binamu yake Abu Qatada, mtu aliyempenda mno, akamtolea salamu, isijibiwe. Mfalme wa Ghassan akamwandikia barua kumwalika kwake apate heshima; Kaab akaitia tanurini. Zilipotimu siku 40, wakaamriwa kujitenga na wake zao. Mke wa Hilal alimwendea Mtume (s.a.w.) kumweleza kuwa mumewe ni mzee asiye na mtumishi, naye hajaacha kulia tangu siku ile, akaruhusiwa kumhudumia. Kaab alimwambia mkewe aende kwa jamaa zake.

Katika theluthi ya mwisho ya usiku wa hamsini, Mtume (s.a.w.) alikuwa nyumbani kwa Mama wa Waumini, Ummu Salama (r.a.), aliyekuwa akimhurumia sana Kaab. Toba ikateremka. Ummu Salama akauliza kama Kaab apelekewe bishara saa ile ile. Akajibiwa kuwa watu wangewajaa nyumbani, wasipate usingizi usiku uliosalia. Tazameni moyo wa mama huyu! Dhiki haikuwa yake, lakini hakutaka mwenye dhiki aongezewe hata saa moja ya huzuni.

Baada ya Alfajiri habari ikatangazwa. Mtu mmoja alipanda farasi kumwendea Kaab. Mwingine akapanda jabali la Sal' akanadi kwa sauti yake yote, na sauti ikamtangulia farasi. Kaab alikuwa ameketi juu ya dari baada ya sala, nafsi yake imedhikika. Aliposikia, akaporomoka kusujudu. Akavua nguo zake mbili akampa aliyemletea bishara, na siku ile hakuwa na nyingine. Akaazima nguo ndipo akaenda msikitini. Watu walimlaki njiani makundi kwa makundi wakimpongeza. Talha bin Ubaydillah akainuka mbio kumpa mkono, jambo ambalo Kaab hakulisahau maishani mwake. Na uso wa Mtume (s.a.w.) uling'ara kwa furaha.

Huenda msomaji akasema: mbona Kaab naye aliazima? Aliazima cha kusitiri mwili baada ya kutoa alichokuwa nacho, hakuazima cha kujionyeshea. Tena alipotaka kuitoa sadaka mali yake yote, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza abakishe sehemu, akabakisha fungu lake la Khaybar. Ikiwa mtu ambaye toba yake imetajwa katika Surat at-Tawba hakuachiwa ajifilisi, sisi tumepata wapi idhini ya kukopa kwa ajili ya biriani? Hatuipingi karamu. Mwenye nacho na alishe, na maskini wawe wa kwanza kualikwa. Tunalolichukia ni mtoto kupona kwa wiki mbili na deni la kupona kwake kukaa mwaka.

Alichotangulia kukifanya Kaab hakina gharama. Sijda ya kushukuru, katika madhehebu yetu ya Shafi, ni sunna pale neema inapozuka au balaa linapoondoka. Husujudiwa mara moja, nje ya sala, kwa tohara na sitara, kuelekea kibla, kwa nia na takbira, kisha salamu. Ndani ya sala haifai, na mwenye kuikusudia humo huibatilisha sala yake. Akina mama hutuuliza kuhusu aliyejifungua salama baada ya uchungu mrefu. Huyo yumo katika nifasi, hivyo hasujudu. Amsifu Mola wake kwa ulimi na moyo, na sadaka aitoe akitaka hata kabla ya arubaini yake.

Ama anayechelea kijicho, asome Qul-audhu mbili, kisha amtume mtoto kwa yule jirani aliyekesha. Habari imfikie yeye kabla picha hazijafika kwenye simu za jamaa walioko Maskati, na mtoto aliyetumwa asirudi mikono mitupu.