Kisukari: Nambari Ikishuka, Usishangilie Mapema

Siku hizi wagonjwa wa kisukari hapa Malindi na Kilifi hutujia na ombi jipya: "Daktari, nipimie insulini." Wamesikia kwamba kisukari cha aina ya pili si upungufu wa insulini, bali ni mwili kuikaidi. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari.

Insulini hutoka kwenye kongosho, na ndiyo huifungulia sukari njia ya kutoka damuni kuingia kwenye misuli. Mwili ukiwa mkaidi, kongosho hulazimika kumwaga insulini nyingi zaidi ili kazi ile ile ifanyike. Daktari Harold Himsworth wa London alionyesha mwaka wa 1936 kwamba wako wagonjwa ambao hata wakipewa insulini, sukari yao haishuki inavyopasa.

Mwaka wa 1985 watafiti wa Oxford walitoa hesabu rahisi ya kukadiria ukaidi huo. Damu huchukuliwa asubuhi kabla ya kula. Kiasi cha insulini huzidishwa kwa sukari, kisha hugawanywa kwa 22.5. Tuseme mvuvi wa Mayungu ana sukari ya 9 na insulini ya 15. Jibu ni 6, na kwa asiye na kisukari huwa aghalabu 1 au 2.

Sasa sikiliza vizuri. Miaka 10 baadaye mvuvi huyo apimwa tena na jibu ni 2.7. Afurahi? Aache vidonge? Tazama karatasi ya maabara: insulini imeshuka hadi 5, na sukari imepanda hadi 12. Mwili haukuacha ukaidi. Kongosho ndilo lililochoka. Hapo ndipo macho, figo na miguu huanza kuharibika, na mwenyewe anajiona amepona.

Tena hesabu hii haimfai anayedungwa insulini, na madaktari hawajakubaliana kiwango kimoja cha kusema huyu ni mkaidi na yule siye. Kwa mtu ambaye tayari ana kisukari, mimi sioni sababu ya kumtuma Mombasa kulipia kipimo hicho.

Chukua tepu ya fundi cherehani. Kiuno cha sentimita 94 au zaidi kwa mwanamume, 80 kwa mwanamke, ni dalili ya ukaidi. Tazama pia shingo: ngozi nyeusi, nene, kama mahameli. Si uchafu huo, wala hautoki kwa dodoki.

Pesa zako zilipie kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 3. Ila mwenye selimundu, ugonjwa ulio mwingi Kilifi, amweleze daktari kwanza, maana kipimo hicho humdanganya.

Kupunguza ukaidi, tembea kila siku, kwa kuwa misuli inayofanya kazi huvuta sukari hata insulini ikiwa haba. Punguza mahamri, punguza kitambi, na metformini usiiache bila shauri la daktari.

Na siku ya kupimwa sukari ya asubuhi, usile kitu tangu usiku. Maji matupu ruhusa. Chai ya rangi, hata bila sukari, ingoje mpaka damu ichukuliwe.