Windows 11 kwenye laptopu isiyokidhi masharti

Windows 11 ilipotoka Oktoba 5, 2021, ilidai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au AMD Ryzen ya mfululizo wa 2000 na kuendelea, isipokuwa chache, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Laptopu nyingi nzima zikaachwa nje. HP EliteBook 840 G3 yenye prosesa ya kizazi cha 6, ikiwekewa SSD na RAM ya GB 8, hufanya kazi za ofisi vizuri, lakini hukataliwa. Kukataliwa huko kulianza kuuma hasa Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10.

Mara nyingi kizuizi ni ukaguzi tu. Programu ya kusakinisha husoma aina ya prosesa na toleo la TPM, isiporidhika husimama, ingawa mashine ina uwezo wa kuuendesha mfumo. Ukaguzi huo hukwepeka. Ndani ya rejista ya Windows 10, kwenye HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\Setup\MoSetup, huongezwa thamani ya DWORD iitwayo AllowUpgradesWithUnsupportedTPMOrCPU na kupewa 1, kisha setup.exe huendelea, mradi ipo walau TPM 1.2. Pasipo TPM kabisa, mafundi hutumia Rufus, programu ya bure inayotengeneza flashi ya kusakinishia iliyoondolewa ukaguzi.

Kizuizi kisichokwepeka kimo ndani ya prosesa yenyewe. Toleo la 24H2, la mwaka 2024, hutegemea amri za POPCNT na SSE4.2. Core 2 Duo haina amri hizo, hivyo mfumo hauwaki, hata fundi awe hodari namna gani.

Kabla ya kukwepa chochote, inafaa kufungua tpm.msc. Huenda TPM 2.0 ipo ila imezimwa kwenye BIOS, ambako Intel huiita PTT na AMD huiita fTPM. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wake wa tarakimu 48 uhifadhiwe nje ya mashine kabla ya kugusa mpangilio huo. Bila ufunguo, mafaili yanaweza kupotea moja kwa moja. Nakala ya mafaili kwenye diski ya nje ni ya lazima kwa vyovyote.

Gharama halisi huja baadaye. Masasisho ya usalama ya kila mwezi kwa kawaida huendelea kuingia, lakini Microsoft haiyahakikishi kwa mashine hizi. Toleo kubwa la kila mwaka kwa kawaida haliji lenyewe: mwenye laptopu hulisakinisha kwa mkono, akirudia ukwepaji uleule. Kwa laptopu ya mwanafunzi, kazi hiyo inabebeka. Kwa kompyuta inayotunza fedha na taarifa za wateja, haifai kabisa. Linux Mint au mashine nyingine ni chaguo salama zaidi.

Aliyepandisha mfumo juu ya Windows 10 na kukuta spika au kisoma alama za vidole hakifanyi kazi ana siku 10 za kurudi nyuma kupitia mipangilio ya urejeshaji. Zikipita, njia iliyobaki ni kusakinisha upya.