Gari la farasi 400 lisukumwe na magurudumu mangapi?

MPWA wangu anayeishi Limuru alinipigia simu Jumapili iliyopita akiwa katika yadi ya magari jijini Nairobi. "Mjomba, nisaidie. Kuna gari mbili hapa, zote ziko na farasi mia nne. Moja ni fo wili, ingine inasukuma na nyuma. Nichukue gani?"

Nilimjibu kwamba mimi ni mwalimu wa lugha, si makanika. Akacheka. "Lakini ni wewe ulitufunza kuwa ukielewa neno, umeelewa nusu ya kitu." Nikanaswa kwa kauli yangu mwenyewe. Basi leo, msomaji, naomba tuyachunguze maneno ya kijana huyu moja baada ya jingine, kwa sababu nimeona kwa macho yangu jinsi neno lililoeleweka visivyo linavyoweza kumpeleka mtu hospitalini.

Tuanze na farasi. Gari halina farasi, lakini hatusemi hivyo kwa utani. Mwishoni mwa karne ya 18, mhandisi James Watt alitaka kuwauzia wenye migodi na viwanda mitambo yake ya mvuke. Wateja hao walizoea kutumia farasi, kwa hiyo akawapa kipimo walichokijua: mtambo huu unafanya kazi ya farasi kadhaa. Baadhi ya wataalamu huandika 'nguvufarasi', wengine 'nguvu za farasi', ilhali gerejini husemwa 'farasi' tu. Zote zinaeleweka. Farasi mmoja wa Watt ni sawa na wati 746 hivi. Gari la farasi 400 basi lina uwezo wa kutoa karibu wati laki tatu, na nguvu zote hizo hufika barabarani kupitia vipande vya mpira ambavyo kila kimoja kinakaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Hapo ndipo penye mzizi wa swali la mpwa wangu.

Neno la pili ni 'kuendesha'. Waingereza hutumia neno moja kwa kazi ya dereva na kwa kazi ya injini inapozungusha magurudumu. Sisi tukatafsiri moja kwa moja, tukapata 'gari linaloendeshwa na magurudumu manne'. Sarufi haina kasoro, lakini maana imepwaya. Ni gari gani la kawaida lisiloenda kwa magurudumu manne? Isitoshe, katika Kiswahili anayeendesha ni mtu aliyeshika usukani. Gurudumu haliendeshi, linazungushwa.

Vijana wa mkokoteni wametutangulia katika jambo hili. Mmoja huwa mbele akivuta, mwenzake nyuma akisukuma, na kila mmoja ana kitenzi chake. Mtu angeweza kudai kwamba magurudumu ya mbele yana 'mvuto' na ya nyuma yana 'msukumo'. Kwa gari, hata hivyo, naona 'msukumo' unatosha pande zote mbili, kwa kuwa gurudumu lolote linalopewa nguvu, liwe la mbele au la nyuma, hufanya kazi ileile ya kuisukuma lami kwa nyuma ili gari liende mbele. Tahadhari moja tu: tusifupishe tukasema 'msukumo wa nyuma', maana msikilizaji anaweza kudhani gari limetiwa rivasi. Tuseme kikamilifu 'msukumo wa magurudumu ya nyuma'. Ni refu kidogo, lakini halina utata.

Sasa tuje kwa 'fo wili', neno ambalo limekwisha kupata uraia na sina nia ya kulifukuza. Tatizo lake ni kwamba linabeba vitu zaidi ya kimoja. Wazee wenzangu wanaikumbuka Land Rover ya zamani yenye wenzo wa pili kando ya gia. Ukiukaza, shafti ya mbele na ya nyuma zinafungwa zizunguke sawasawa. Hiyo ni dawa ya tope. Haifai kwa lami kavu, kwani kwenye kona magurudumu ya mbele hutembea umbali tofauti na ya nyuma, na mtambo uliofungwa hujikaza hadi kuumia.

Aina ya pili husukuma kwa magurudumu yote wakati wote, na katikati yake mna difu ya kuruhusu tofauti hiyo ya mwendo. Audi Quattro ya mwaka 1980 ndiyo iliyoupa mtindo huu sifa katika mashindano. Aina ya tatu hutegemea klachi inayoongozwa na kompyuta: nguvu nyingi huenda upande mmoja, kisha sehemu yake hupelekwa upande wa pili inapohitajika. Magari mengi ya kisasa yenye farasi wengi yamo katika kundi hili. Pendekezo langu ni kwamba 'fo wili' libakie kuwa jina la ile ya wenzo, nazo aina mbili hizi nyingine tuziite 'msukumo wa magurudumu yote'.

Je, tofauti hizi zinamfaa nini mnunuzi? Gari linapoondoka kwa kasi, uzito wake huegemea nyuma, kama mtu aliyesimama ndani ya matatu iliyong'oka ghafla. Magurudumu ya nyuma hushindiliwa chini na kushika barabara vyema zaidi. Ndiyo maana msukumo wa nyuma umekuwa chaguo la magari ya mbio kwa miaka mingi. Isitoshe, magurudumu ya mbele yanabaki na kazi moja tu ya kugeuza, na dereva huhisi usukani mwepesi na mwaminifu.

Lakini mshiko wa tairi (wa mpira, si ule mshiko wa mfukoni) una kikomo, na ndio huohuo unaogawanywa kati ya kusukuma na kukata kona. Ukikanyaga mafuta katikati ya kona yenye maji, magurudumu ya nyuma hutumia mshiko wote kusukuma, hayabakishi wa kuzuia kuserereka. Mkia unatupika. Ukiwagawa farasi haohao 400 kwa magurudumu manne, kila tairi hubeba mzigo mdogo zaidi, na gari linaondoka bila kuchimba. Gharama yake ni uzito, mafuta zaidi, na vipuri vingi zaidi vya kuharibika.

Historia yetu wenyewe inatufunza kutokuwa na haraka ya kuhukumu. Katika miaka ya themanini, magari ya msukumo wa magurudumu yote yaliteka mbio za Ulaya. Lancia 037 iliyotwaa ubingwa wa watengenezaji mwaka 1983 ndiyo ya mwisho ya msukumo wa nyuma kufanya hivyo. Lakini hapa Kenya mambo yalikwenda kivyake. Mwaka huohuo, Ari Vatanen alishinda Safari Rally kwa Opel Ascona 400, gari la msukumo wa nyuma, akiziacha Audi Quattro nafasi ya pili na ya tatu. Kisha Toyota Celica, nayo ya msukumo wa nyuma, ikashinda mara tatu mfululizo: Björn Waldegård mwaka 1984, Juha Kankkunen mwaka 1985, na Waldegård tena mwaka 1986. Audi ilisubiri hadi 1987 ndipo Hannu Mikkola akaishindia.

Kwa nini? Safari ya siku hizo ilikuwa ya maelfu ya kilomita za vumbi, mawe na matope, na aliyeshinda ni yule ambaye gari lake lilifika. Celica ilikuwa na vitu vichache vya kuvunjika, na barabara ndefu zilizonyooka ziliipa nafasi ya kutumia nguvu zake. Hata hivyo, mitambo ya msukumo wa magurudumu yote ilipoimarika, mjadala ukafungwa. Mbio za dunia ziliporejea Kenya mwaka 2021, magari ya kuwania ushindi kule Naivasha yalikuwa ya msukumo wa magurudumu yote.

Hata watengenezaji walioshikilia msukumo wa nyuma wamelegeza msimamo kadiri farasi walivyoongezeka. BMW M5 ilikuwa ya msukumo wa nyuma kwa vizazi vitano. Toleo lililozinduliwa mwaka 2017, lenye farasi 600 hivi, likaja na msukumo wa magurudumu yote, ingawa dereva anaweza kuuondoa ule wa mbele akitaka.

Nimebakisha jambo lililonifanya niandike makala hii. Mwanafunzi wangu wa zamani alikuwa na gari la aina hii ya pili, lenye nguvu nyingi. Usiku mmoja wa mvua aliingia kona kwa kasi, akakanyaga breki, na gari likakataa kona likaenda moja kwa moja hadi mtaroni. Alilala hospitalini miezi minne. Nilipomtembelea aliniambia maneno ambayo hayajanitoka: "Prof, mimi nilijua fo wili haitelezi."

Alijua neno, hakujua maana. Magari yote, ya nyuma na ya yote, yana breki kwenye magurudumu manne. Msukumo hukusaidia kuondoka, haukusaidii kusimama. Na kwenye kona, ukishaingia na kasi inayoushinda mshiko wa tairi, idadi ya magurudumu yanayosukuma haiwezi kukuokoa. Tena hatari ya msukumo wa magurudumu yote ni kwamba unaficha utelezi: gari linaongeza kasi kwenye maji kana kwamba barabara ni kavu, na dereva hapati onyo ambalo mkia wa gari la msukumo wa nyuma ungempa mapema.

Nilimpigia mpwa wangu jioni hiyo. Nilimwambia kwamba kwa mtu wa Limuru, anayeteremka alfajiri katika ukungu na manyunyu, ningechukua la msukumo wa magurudumu yote. Angekuwa anaishi kwenye joto na ukavu, anataka gari jepesi la kufurahia wikendi, na ana mguu wenye adabu, ningemwambia achukue lile jingine bila wasiwasi.

"Sawa, mjomba. Kwa hivyo fo wili."

"Msukumo wa magurudumu yote," nikamsahihisha. "Na kabla hujalipa, angalia tairi. Zikiwa zimekwisha, toa bei ya nne mpya, zote za aina moja."

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama tairi ndizo zinazosimamisha gari. Nikajua somo limeingia.