Sheria Inaadhibu, Nani Atafundisha?

Ndugu msomaji, huenda jambo hili limekwisha kukutokea. Umerudi kutoka kazini, umevua viatu, unangoja chakula. Binti yako wa darasa la sita, daftari la sayansi mapajani, anainua kichwa na kuuliza: "Baba, hedhi ni nini?" Unakohoa kidogo, kisha unasema: "Kamuulize mama yako." Mama yuko jikoni, naye anajibu: "Hayo mtafundishwa shuleni." Siku ya pili yake mwalimu, ambaye naye ni mzazi mwenye haya kama sisi, anaifunua sura ile na kuwaagiza wanafunzi wakaisome wenyewe nyumbani. Swali limezunguka na kurudi lilikotoka, bila jibu.

Lakini mtaani yuko mwalimu asiyeona haya. Ana pikipiki, ana fedha kidogo za chipsi na nauli, na anajua kusubiri karibu na kituo cha daladala saa ambayo wanafunzi wanatoka shuleni. Yeye hulijibu swali hilo kwa namna yake, na ada ya somo lake hulipwa na binti peke yake.

Wazee wetu hawakuliacha jambo hili lijiendee. Katika jamii nyingi za pwani na za kusini, mwari alikuwa na somo au kungwi wake, na wavulana walikuwa na jando. Mafunzo yale yalikuwa na kasoro zake, kwani mara nyingi yalimwandaa mtoto kwa ndoa ambayo umri wake haukuiruhusu. Hata hivyo, kazi ile ilikuwa na mwenyewe. Leo bibi yuko Masasi, shangazi yuko Tanga, nasi tumepanga vyumba viwili Buguruni. Kazi imebaki, mwenyewe hayupo.

Tutazame basi sheria inasema nini. Mwaka 2016 Bunge lilirekebisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, likaweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa mtu anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari. Ndoa na mwanafunzi nayo ilipigwa marufuku. Aidha, kila mkuu wa shule alitakiwa kuweka kumbukumbu za ndoa na mimba za wanafunzi wake, na kupeleka taarifa kwa Kamishna wa Elimu kila baada ya miezi mitatu.

Ni sheria njema, maana inamwonya mtu mzima kwamba mtoto wa shule si wa kuchezewa. Lakini tuisome kwa makini. Imemwagiza mkuu wa shule ahesabu mimba. Haikumwagiza ahesabu vipindi vya kumfundisha mtoto namna ya kujilinda. Masuala ya kubalehe, uzazi na UKIMWI yamo ndani ya sayansi, baiolojia na masomo mengine, lakini uzito wake hutegemea ujasiri wa mwalimu aliyesimama mbele ya darasa.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wamewahi kupata mimba. Katika utafiti wa mwaka 2015/16 walikuwa 27. Hatua imepigwa, lakini safari ni ndefu. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba msichana aliyekatiza masomo kwa sababu ya kujifungua aruhusiwe kurudi shuleni. Uamuzi huo ulikuwa wa huruma na busara. Hata hivyo, mlango huo hufunguliwa baada ya mtoto kuumia. Sisi tunauliza nani atamkinga kabla ya kuumia.

Wenzetu waliotunga sheria za kufundisha wamefanyaje? Sweden iliifanya elimu hii kuwa ya lazima shuleni tangu mwaka 1955. Nchini Marekani kila jimbo hujiamulia. Katika jimbo la California, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2016 inazitaka shule za umma zifundishe elimu hii kwa vijana, na mzazi asiyeridhika huandika barua ili mwanawe asihudhurie. Jimbo la Mississippi, kwa sheria yake ya mwaka 2011, lilianzia upande wa pili: mtoto asiingie darasa hilo mpaka mzazi wake atoe idhini. Majimbo hayo mawili hayafanani kwa siasa wala kwa mila, lakini yote mawili yalimpa mzazi nafasi ya kusema neno.

Wapo wanaohofu kwamba kumweleza mtoto mambo haya ni kumfungulia njia. Hofu hiyo ni ya mtu anayempenda mwanawe, nasi tusiibeze. Lakini mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na UNESCO mwaka 2018 yalionyesha kwamba elimu hii haiwaongezei vijana vitendo vya ngono. Mzazi ana haki ya kudai ilingane na umri wa mtoto na ifundishwe kwa staha. Haki hiyo hawezi kuitumia akiwa amenyamaza.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuyataje mambo haya nyumbani kwa majina yake ya heshima, kabla binti hajavunja ungo na kabla mvulana hajabadilika sauti. Pili, mkutano wa wazazi usiishie kwenye michango na madawati. Simama uulize sura ile imefundishwa lini, na nani. Tatu, mvulana naye aketishwe na baba yake, maana hakuna mimba iliyopatikana kwa msichana peke yake. Nne, tuwaambie Wabunge wetu kwamba sheria iliyojua kuadhibu sasa ijue na kufundisha.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Baba naye hana pa kujificha. Ndugu msomaji, swali lile likirudi jioni ya leo, zima redio, mwite mtoto aketi karibu, umjibu.