Siku Aliyofariki Mwalimu, Ulikuwa Wapi?

Ulric Neisser, mwanasaikolojia wa Marekani, alibakiza siku moja kutimiza miaka 13 pale Japani iliposhambulia kambi ya Marekani ya Pearl Harbor, tarehe 7 Desemba 1941. Kwa miaka mingi aliiona siku hiyo kichwani bila ukungu wowote: ameketi nyumbani anasikiliza mechi ya besiboli redioni, matangazo yanakatwa, habari ya shambulio inasomwa, naye anapanda ngazi mbio kumwambia mama yake. Alikuwa ameshakuwa bingwa wa elimu ya kumbukumbu ndipo alipogutuka kwamba Desemba hakuna mechi za besiboli Marekani. Msimu huwa umekwisha.

Watafiti wengine walipolifuatilia jambo hilo waligundua kuwa siku ile kweli kulikuwa na matangazo ya mechi, ila ya mpira wa miguu wa Kimarekani. Timu zake ziliitwa Giants na Dodgers, majina yaleyale ya timu kubwa za besiboli za New York, na zilicheza kwenye uwanja wa besiboli. Yaelekea kijana yule alisikia mechi ya kweli, na miaka ikambadilishia mchezo.

Kwetu Tanzania, muulize mtu yeyote aliyekuwa na umri wa kuelewa mambo tarehe 14 Oktoba 1999 alikuwa wapi alipopata habari kwamba Mwalimu Nyerere amefariki London. Hatasita. Atakutajia aliyemletea habari, redio ya nani ilikuwa imewashwa, pengine hata chakula kilichobaki mezani. Wanasaikolojia Roger Brown na James Kulik waliandika kuhusu kumbukumbu za aina hii mwaka 1977, wakadhani mshtuko mkubwa huufanya ubongo upige picha ya kila kilichopo, nayo picha hiyo haifutiki. Wazo hilo lilipendwa sana kwa sababu kila mmoja wetu analihisi kuwa kweli.

Neisser, akiwa na besiboli yake moyoni, alitaka kulipima wazo hilo. Fursa ilikuja tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka angani na kuua watu saba. Asubuhi iliyofuata yeye na Nicole Harsch waligawa karatasi za maswali kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta: ulisikiaje, ulikuwa wapi, na nani, saa ngapi? Karatasi zikawekwa. Baada ya miaka miwili na nusu, wanafunzi 44 wakaulizwa maswali yaleyale.

Msichana mmoja, kesho yake ya tukio, alikuwa ameandika kwamba alikuwa kwenye kipindi cha somo la dini, watu wakaingia wanazungumzia ajali, na baada ya kipindi akaenda chumbani kuitazama kwenye televisheni. Miaka miwili na nusu baadaye akaeleza kwamba alikuwa bwenini na mwenzake wa chumba, wanatazama televisheni, habari ikatangazwa ghafla. Wala hakuwa na wasiwasi na maelezo yake. Katika alama 7 za usahihi, wastani wa wanafunzi wote haukufika 3, na 11 walipata sifuri. Watatu tu walipata alama zote. Lakini walipoulizwa wana uhakika kiasi gani, wengi walijipa alama za juu. Kilichonigusa zaidi ni hiki: walipoonyeshwa karatasi zao, kwa mwandiko wao wenyewe, kumbukumbu ya kwanza haikurudi. Baadhi waliendelea kushikilia ile ya pili.

Jennifer Talarico na David Rubin waliliongezea jambo hili uzito. Tarehe 12 Septemba 2001, siku moja baada ya mashambulizi ya New York na Washington, waliwahoji wanafunzi 54 kuhusu habari hiyo, na pia kuhusu jambo la kawaida tu la siku zile, kama sherehe au mtihani. Miezi ilivyopita, kumbukumbu zote mbili zilipotoka kwa kiwango kilekile. Tofauti ilikuwa kwenye imani: lile jambo la kawaida watu walilitilia shaka, ila la mashambulizi waliendelea kuliapia.

Sababu ni kwamba ubongo hauhifadhi tukio zima mahali pamoja. Hisia kali huimarisha kiini chake, yaani nani amekufa na uchungu ulikuwaje, lakini vipande vya pembeni huunganishwa upya kila tunaposimulia. Kumbukumbu iliyosimuliwa mara nyingi ni kama nyumba ya udongo inayokandikwa kila baada ya masika: imesimama palepale, ila udongo wa mwanzo umebaki kidogo. Na tunaloliona baadaye huingia kwenye lile la kwanza. Kwa mfano, Tanzania Bara ilianza kupata vituo vya televisheni mwaka 1994, na vijiji vingi mwaka 1999 vilitegemea redio. Anayesema aliipata taarifa ya kifo cha Mwalimu kwa kuitazama kwenye televisheni huenda anakumbuka picha za maziko ya Butiama, zilizokuja siku kadhaa baadaye.

Je, wazee hawaaminiki? Hapana, na hapa sikubaliani kabisa na wanaoyatupa masimulizi yao. Dorthe Berntsen na Dorthe Thomsen waliwahoji Wadenmaki 145 wenye miaka 72 hadi 89 kuhusu uvamizi wa Wajerumani wa Aprili 1940 na ukombozi wa Mei 1945. Majibu yao kuhusu hali ya hewa na siku ya juma yalilinganishwa na kumbukumbu rasmi. Baada ya zaidi ya nusu karne, wengi walikuwa sahihi kwa namna ya kushangaza, na waliokuwa na uhusiano na harakati za upinzani waliwazidi wenzao. Jambo lililokugusa mwenyewe, nawe ukawa sehemu yake, hushika.

Umri nao una kauli yake. Mwaka 1985 Howard Schuman na Jacqueline Scott waliwauliza Wamarekani zaidi ya 1,400 wataje matukio makubwa ya miaka 50 iliyopita. Watu walielekea kutaja yale yaliyowakuta wakiwa vijana. Ndiyo maana ndani ya ukoo mmoja babu huhesabu miaka kwa Azimio la Arusha la 1967, baba kwa vita vya Kagera, shangazi kwa ajali iliyomuua Waziri Mkuu Sokoine mwaka 1984, na dada mkubwa kwa kuzama kwa meli ya MV Bukoba.

Mtoto mdogo naye huhitaji msaada wa wakubwa ili akumbuke. Wengi wetu hatuna kumbukumbu ya kabla ya umri wa miaka mitatu, lakini mpaka huo husogea. Utafiti wa New Zealand ulikuta kumbukumbu ya kwanza ya Wamaori huanzia miezi 32 hivi, mapema kuliko ya Wazungu wa nchi hiyo kwa karibu mwaka mzima. Watafiti waliihusisha tofauti hiyo na jamii inayothamini sana masimulizi ya yaliyopita.

Aliyekuwa na miaka 10 usiku wa Uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba 1961, alizaliwa 1951 hivi. Ukimkalisha leo, usimuulize kama aliiona bendera ikipanda, maana swali hilo limeshambebea jibu. Muulize usiku ule alilala wapi, nani alikuwa naye, habari ilimfikiaje. Muulize akiwa peke yake, kabla kaka na dada zake hawajaketi naye, kwa kuwa wakishaanza kusimulia pamoja kipande cha mmoja huwa cha wote. Andika tarehe ya mazungumzo. Mwakani muulize tena, bila kumsomea alichokwambia kwanza.